Tochi ya kuchaji: nitajuaje chaji imebaki kiasi gani kabla sijaingia lindo?

MlinziMasasi:
Habari za jioni wakuu. Nalinda ghala la korosho huku Masasi, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Msimu ndio huu, magunia yamefika mlangoni, na upande wa nyuma wa ghala hakuna taa hata moja. Tuna tochi mbili ambazo mimi na mwenzangu wa mchana tunakabidhiana pamoja na rungu na daftari. Yeye ndiye anayezichaji. Kila jioni anaandika "tochi 2, chaji imejaa", anasaini, anaondoka. Saa saba usiku mimi niko gizani.

Ya kwanza ni ile kubwa ya plastiki yenye plagi ya kuchomoza nyuma, unaichomeka ukutani yenyewe bila waya. Ikichomekwa inawaka taa nyekundu, basi. Hiyo taa haijawahi kubadilika rangi wala kuzimika, uchaji saa moja au kutwa nzima.

Ya pili ni ya chuma, nyembamba, inachajiwa kwa waya wa simu. Ndani ina betri moja imeandikwa 18650, 3.7V, 9800mAh. Ubavuni kuna vitaa vinne vya kijani. Jioni vinawaka vyote vinne, saa nne usiku bado vitatu, mtu unajiamini. Halafu ghafla kinabaki kimoja, na ukigeuka tu imezima.

Nauliza: kuna namna ya kujua jioni ile ile, mbele ya mwenzangu kabla hajasaini, kwamba hii tochi ina chaji kweli au haina? Jirani yangu anatengeneza redio, ana mita ya njano, ananiazima. Ila sijui niiweke wapi na nisome nini.

FundiIfakara:
Mkuu pole na lindo. Mwenzako huenda hadanganyi, anaandika anachokiona. Tatizo ni kwamba anachokiona hakisemi chochote.

Tuanze na ya plagi. Hizo nimezifungua nyingi mno hapa mezani, na katika nyingi ile taa nyekundu imeungwa upande wa umeme wa ukutani. Inawaka kwa sababu umeme upo. Betri iwe imejaa, iwe tupu, iwe imekufa tangu mwaka jana, yenyewe inawaka vile vile. Ni kama bawabu anayekwambia mgeni ameingia, ukimuuliza kama mgeni ameshiba hajui.

Ndani ya tochi hiyo kuna betri ya risasi na asidi, kiboksi kidogo kilichozibwa, kimeandikwa 4V. Kuipima ni lazima ufungue skrubu. Na hapa nisikilize vizuri: usifungue ikiwa imechomekwa, na ukishachomoa subiri kidogo. Tochi hizi hazina transfoma. Umeme wa ukutani unapita kwenye kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, na kuingia ndani moja kwa moja, kwa hiyo ukigusa waya wowote humo wakati imechomekwa umegusa umeme wa nyumba. Hata baada ya kuchomoa, kapasita inaweza kukurushia kidole.

Mita yako: waya mweusi tundu la COM, mwekundu tundu lenye alama ya V, kitufe zungusha hadi 20 upande wa DCV. Mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Iache kwanza ipumzike saa mbili tatu tangu ilipochomolewa, maana betri ikitoka kwenye chaji huwa inaonyesha namba ya kujikweza. Ikisoma 4.2 au zaidi kidogo, imejaa. Karibu 4.1 ni nusu. Chini ya 4.0 hiyo si ya kuingia nayo lindo.

Lakini usiishie hapo. Washa tochi, uache inawaka huku mita bado imegusa betri. Betri nzima itashuka kidogo na kutulia. Iliyochoka inaporomoka ukiwa unaitazama. Ikifika 3.5 ndani ya dakika chache, hata kama ilianza na 4.2, hiyo imekwisha na hakuna chaji itakayoifufua.

Sasa ya chuma. Hiyo ni lithiamu, na ni rahisi zaidi kwa sababu unafungua kitako tu unatoa betri. Ikijaa inasoma 4.2, baada ya kupumzika 4.15 hivi. Kati ya 3.7 na 3.8 imebaki kama nusu. 3.5 imebaki mabaki. Chini ya 3.0 usiendelee kuitumia, irudishe kwenye chaji. Baadhi zina saketi ndogo ya ulinzi kitakoni ambayo ikiona betri imeshuka sana inakata kabisa, mita inasoma sifuri. Usiitupe hapo hapo, ijaribu kwenye chaji kwanza.

Vitaa vinne navyo havihesabu umeme uliobaki, vinaangalia volti tu. Na volti ya lithiamu inakaa muda mrefu katikati bila kusogea sana, halafu mwishoni inaanguka. Ndiyo maana unakaa na vitatu hadi unasahau, kisha viwili vinaondoka pamoja.

Jambo jingine: hiyo 9800mAh, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kubeba, ni uongo wa kwenye karatasi. Betri ya saizi hiyo, milimita 18 kwa 65, iliyotengenezwa na watu waaminifu, nyingi haziendi zaidi ya 3500 hivi. Zilizoandikwa 9800 nilizopima mimi ni afadhali ikifika 1000. Zipime kwa mizani, nzima ina gramu 45 na kuendelea.

Na tafadhali: mwekundu usiuhamishie tundu la 10A halafu ukagusa betri ncha kwa ncha. Hiyo ni shoti kamili, mita ya jirani itakufia mkononi.

MwalimuKwale:
Naongezea kidogo kutoka pwani ya Kenya. Fundi amesema kweli, lakini kuna kurunzi za kichwani zenye betri tatu ndogo za kuchaji za nikeli, kila moja 1.2V. Hizo mita haikusaidii sana. Zinakaa 1.2 na kitu karibu safari nzima, kisha zinazimika. Mimi yangu nimebandika kipande cha plasta, naandika kwa kalamu masaa niliyotumia tangu chaji ya mwisho. Stima ikipotea usiku wa kusahihisha mitihani, naangalia plasta.

MamaNyukiSikonge:
Mlinzi, kuna njia isiyohitaji mita. Mimi natoa asali usiku, natumia taa nyekundu ya kichwani kwa sababu nyuki hawaoni wekundu, na juu ya mti siwezi kubahatisha chaji. Tochi za bei ndogo zinafifia kadiri betri inavyoshuka, ila jicho lako linazoea taratibu, huoni tofauti. Kwa hiyo ilinganishe. Jioni mulika ukuta ule ule, umbali ule ule, na tochi ya mtu mwingine ambayo mna uhakika imejaa ikiwa pembeni. Tofauti utaiona papo hapo.

Zile za bei ya juu zinazotoa mwanga sawa mwanzo hadi mwisho, njia hii haifai. Hizo zinang'aa vizuri hadi dakika ya mwisho, kisha zinakuacha mtini.

FundiIfakara:
Mama Nyuki umenena. Kitu kingine cha bure cha kutazama: tochi nyingi za waya wa simu taa huwa nyekundu ikichaji, na kijani au bluu ikijaa. Hiyo haidanganyi sana, maana inageuka pale betri imefika 4.2 na haivuti tena umeme wa maana. Sasa, kama tochi ilizima usiku kwa kuisha chaji, ukaichomeka asubuhi, na baada ya robo saa tayari ni kijani, usifurahi. Betri iliyoisha haijai robo saa. Maana yake haina tena pa kuuweka umeme.

MlinziMasasi:
Wakuu nimerudi na majibu. Jirani alikuja na mita yake getini, mwenzangu naye akabaki kushuhudia.

Ya plagi ilichajiwa usiku kucha, ikapumzika hadi saa kumi jioni. Ilisoma 4.21. Mwenzangu akacheka, "si nilikwambia." Tukaiwasha. Ikaanza kushuka kama mtu anayeshuka ngazi, 4.0, 3.8, ikafika 3.4 hata hatujamaliza mazungumzo. Kicheko kikaisha.

Ya chuma ilisoma 4.16. Tukaiwasha mwanga mkubwa dakika kumi, tukatoa betri tukapima haraka, 3.68. Na kuna kijana hapa mjini ananunua mawe ya madini yanayotoka Tunduru, ana kimizani kidogo. Gramu 28.

FundiIfakara:
Basi umejijibu. Lithiamu nzima ikitoka 4.16, dakika kumi za mwanga mkubwa ingekuachia 4.0 na kitu. Yako imeshafika nusu. Gramu 28 kwenye ganda la saizi hiyo, sehemu kubwa ya ndani ni hewa tu au unga.

Tafuta 18650 moja ya kweli, hata iliyoandikwa 2600mAh. Namba ndogo ya kweli itakuvusha, kubwa ya uongo haikufikishi saa tano. Piga hesabu: 2600mAh ni ampea 2.6 kwa saa moja, kwa hiyo kama mwanga mkubwa unakula ampea 1, betri ya 2600 ni saa mbili na nusu tu. Kuwasha masaa kumi na mawili mfululizo ni lazima tochi ile chini ya ampea 0.2 kwa wastani, na huo ni mwanga mdogo. Mkubwa uweke kwa ajili ya kumulika kishindo.

Kwenye daftari badala ya "imejaa" aandike volti mbili, kabla ya kuwasha na baada ya dakika kumi. Atakayebisha abishane na mita.

MlinziMasasi:
Ahsante sana fundi. Swali la mwisho. Ile ya plastiki ina kioo kizuri, inamulika hadi barabarani, sitaki kuitupa. Jirani anasema tutoe ile betri ya 4V tuweke lithiamu, eti volti zinakaribiana.

FundiIfakara:
Mwambie jirani hapana, na mwambie leo kabla hajashika bisibisi. Chaja ya tochi ile haijui kusimama. Inasukuma umeme kadiri ilivyochomekwa, na betri ya risasi inavumilia hadi ivimbe tu. Lithiamu ikisukumwa kupita 4.2 inapata joto na inaweza kulipuka moto, na wewe unachajia ndani ya ghala la magunia ya korosho. Nunua betri ya 4V kama ile ile, angalia vipimo vya boksi vifanane, itaingia bila shida. Ichaji masaa yaliyoandikwa kwenye tochi kisha chomoa. Na msimu ukiisha usiiweke kabatini ikiwa tupu. Ijaze kwanza, na kila baada ya miezi miwili mitatu iongezee, kwa sababu betri za namna hiyo zikikaa tupu ndiko zinakofia.