Chanjo ya Bibi: gumzo la ukoo, Agosti 2021

Shangazi Korogwe: *(Umesambazwa mara nyingi)* SOMENI HARAKA! Profesa Luc Montagnier, mshindi wa Nobel, amesema wote waliochanjwa korona watakufa ndani ya miaka 2. Watumie watu 20 unaowapenda.

Shangazi Korogwe: Jamani, someni kabla Mama hajapelekwa popote.

Mjomba Muheza: Kijana ameshamsomea. Mama kasema haendi. Na dawa ya sukari kaiacha tangu jana, kuna sauti ilipita humu inasema dawa za hospitali zinaipa korona nguvu.

Dada Nesi: Shikamooni. Mjomba, naomba hilo la sukari tulimalize kwanza. Leo ale, anywe dawa kwa kipimo kilekile cha kwenye paketi, asifidie za jana. Apelekwe zahanati wampime sukari leo hii.

Mjomba Muheza: Marahaba. Anakunywa tangawizi na kujifukiza.

Dada Nesi: Tangawizi anywe. Kujifukiza hapana, Mjomba. Mvuke hauui kirusi kilichokwisha kuingia mwilini, na Bibi haoni vizuri. Sufuria la maji ya moto ndani ya blanketi litamuunguza, na kidonda cha mtu mwenye sukari mnakijua.

Kaka Dar: Na huyo profesa? Nobel si mchezo.

Dada Nesi: Nobel anayo kweli, ya 2008, kwa kugundua virusi vya UKIMWI. Chanjo za korona amezipinga, hilo nalo kweli, na wataalamu wengi hawakubaliani naye. Ila hayo ya miaka miwili hayamo kwenye mahojiano wanayoyataja. Kuna mtu kayapachika. Tazameni ujumbe wenyewe: hauna tarehe, hausemi kayasemea wapi, unachosisitiza ni utume kwa watu 20.

Kaka Dar: Kuna video nyingine sumaku inanasa begani kwa aliyechanjwa.

Dada Nesi: Dozi ya chanjo ya Janssen ni nusu mililita ya maji maji, haina chuma. Madhara yapo, siwafichi: mkono kuuma, homa, uchovu wa siku moja mbili. Wachache sana duniani damu iliganda. Lakini korona kwa mwenye umri wake, na sukari, na presha, ndiyo hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana wenye miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu wametangulizwa kwenye foleni.

Mjomba Muheza: Mama anataka kusema.

Mjomba Muheza: 🎤 *(Sauti ya Bibi)* "Mimi sikusikia habari ya profesa. Nimesikia mwanangu wa Korogwe kasema nitakufa. Mwanangu atanidanganya?"

Shangazi Korogwe: Mama, si maneno yangu, nimeyapokea tu.

Dada Nesi: Shangazi, hapo ndipo roho inaponiuma. Bibi hasomi, hajui ujumbe umetoka wapi. Kwake kila kinachosomwa humu kimesemwa na mtoto wake. Akiacha dawa, anaacha kwa ajili ya kutuamini sisi. Nawaombeni, habari ya afya yoyote niletewe mimi kwanza, au pigeni 199, ni bure. Isifike masikioni mwake haijaulizwa.

Shangazi Korogwe: Ile sauti ya dawa za hospitali nilitumiwa na jirani, nikaona ina sauti ya daktari.

Dada Nesi: Jina lake alitaja? Hospitali?

Shangazi Korogwe: Hapana. Naifuta. Mama nampigia mwenyewe jioni.

Kaka Dar: Kwa hiyo Jumatatu anapelekwa?

Dada Nesi: Akikubali. Chanjo ni hiari, asiburutwe.

Mjomba Muheza: Katoka zahanati sasa hivi. Sukari imepanda, wamemwambia arudie dawa zake. Amekunywa.

Mjomba Muheza: 🎤 *(Sauti ya Bibi)* "Nimeambiwa kuna karatasi ya kutia saini. Mjukuu wangu nesi aje anisomee yote, na hayo ya damu kuganda asiyaruke. Nikishasikia ndipo nitatia dole gumba, au nisitie."

Dada Nesi: Nakuja Jumapili jioni, Bibi. Mjomba, kadi yake ya kliniki iwe tayari.

Kaka Dar: Nauli natuma leo.