Tupeane uzoefu: chuoni wanamtaka, ng'ambo wanamtaka, nyumbani tunabaki na nani?

MamaWatatu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wasio wapendwa, habari za saa hizi.

Niko Dodoma, Ipagala. Mume wangu ni mtumishi wa wanafunzi wa vyuo, huu mwaka wa tisa. Mimi nafundisha shule ya msingi. Watoto watatu: darasa la sita, la tatu, na kitinda mimba yuko chekechea.

Wenyeji mnajua, kabla ya 2007 vyuo hapa vilikuwa vya kuhesabu. Mwaka huo UDOM ikaanza, St John's nayo ikaanza pale ilipokuwa sekondari ya Mazengo, mji ukafurika vijana. UDOM peke yake ilipangwa kubeba wanafunzi 40,000. Mtumishi mmoja na pikipiki yake anawafikiaje? Anawaleta nyumbani. Jumapili baada ya ibada wanakuja ishirini. Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa wanakuja arobaini (boom likichelewa upako huwa unaongezeka, waliosoma wananielewa).

Siwasemi vibaya, ni wanangu. Ila nina tenki moja la lita 1000, na mtaani kwetu maji ni ya mgao. Jumapili moja ya mwezi wa pili, wanakaribia UE, mitihani ya chuo, tulipika wali maharage masufuria mawili makubwa. Wakala, wakaombeana mitihani. Wakaosha vyombo vizuri kabisa, wakadeki sebule, mabinti wakafua hadi vitambaa vya makochi. Saa mbili usiku wakaondoka wanaimba. Nikaenda kugonga tenki. Likalia ngo, ngo, ngo mpaka chini. Sare za watoto ziko kwenye beseni, kavu, hazijaguswa. Jumatatu wa darasa la tatu alienda shule na shati la Ijumaa, lina doa la mlenda kifuani. Baba yake alishaondoka alfajiri, ana kikao Dar.

Hiyo Dar nayo. Tulipoanza kupata treni ya SGR hapa 2024 nilimshukuru Mungu, nikajua sasa ataenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ni kweli anarudi. Ila vikao vimeongezeka mara mbili, maana wenzake nao wanajua anaweza kurudi.

Sasa limekuja jipya. Kuna kanisa Uingereza limemwomba akahudumie wanafunzi wa kigeni kwenye chuo cha mji wao, mwaka mmoja. Wanasema familia inakaribishwa. Fedha iliyopo inatosha, kwa maneno yake mwenyewe, "mtu mmoja na nusu". Ama twende wote tukaungeunge huko, ama aende peke yake. Kazi yangu je? Na mama mkwe yuko Mvumi, miguu inamsumbua, anatutegemea sisi.

Mliopita njia hii mlifanyaje? Naomba uzoefu, sio mistari. Mistari ninayo.

BabaNampula

Pole na hongera dada. Sisi tulikaa Msumbiji, Nampula, miaka minne. Tulienda na watoto wawili tukarudi na watatu.

Kwenda kila mtu atakuelekeza. Ngoja nikusimulie kurudi. Mkubwa wetu kule shuleni alisoma Kireno, mtaani Kimakua, na nyumbani Kiswahili cha kuagizana chumvi. Tumerudi Dodoma akaingizwa darasa la nne, mwaka wenyewe wa upimaji. Insha yake ya kwanza ya Kiswahili akaandika "naxukuru". Kwa Kireno x inasomeka sh, mtoto hakukosea! Mwalimu akaisoma mbele ya darasa wakacheka mpaka basi. Akaja nyumbani akasema yeye sio Mtanzania, turudi kwao. Kwao ni Nampula.

Kanisa lililotutuma lilitupokea Jumapili kwa ngoma na mbuzi. Jumatatu hatukuwa na pa kulala. Tulikaa kwa shemeji yangu Chang'ombe miezi mitano, watu kumi na mmoja, choo kimoja. Mke wangu hadi leo akisikia tangazo la harambee ya misheni anatoka nje kupunga upepo.

Kabla hujakata tiketi, uliza kwenye kikao, mbele ya mhasibu: tukirudi tunafikia nyumba gani, na miezi mitatu ya kwanza tunakula nini? Wakuandikie. Sisi tuliona aibu kuuliza, tukadhani ni kukosa imani.

BintiMchungaji

Mimi ndo huyo wa darasa la tatu mwenye shati la Ijumaa, ila nimeshakuwa mtu mzima.

Baba alihudumia wanafunzi miaka yote ya utoto wangu. Kila Pasaka, msimu wa makongamano, kitanda changu kilikuwa cha wageni. Nalala kwenye mkeka na mdogo wangu, nikirudi nakuta shuka linanuka mafuta ya nywele ya mtu nisiyemjua. Kidato cha pili nikanunua kufuli dogo Sabasaba, nikampa fundi mia tano anipigie komeo mlangoni.

Baba aliliona siku hiyo hiyo. Akaligusa tu na kidole, akapita, hakusema kitu. Alhamisi iliyofuata akarudi saa kumi jioni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akafunga geti. Akazima simu zake zote mbili akazitia kwenye hotpoti juu ya kabati. Mama akakaanga mihogo. Mdogo wangu akawa anachungulia dirishani, akauliza, "Leo tuko sisi tu?" Ikawa ndo jina. Alhamisi ni Sisi Tu. Wanafunzi wakajua kabisa, Alhamisi kwa mchungaji hakuendwi hata ukifiwa. Hapana, ukifiwa nenda.

Na niseme na hili nisije nikaonekana mlalamishi. Ada yangu ya kidato cha tano ililipwa na kaka mmoja aliyekuwa ameshapata kazi. Aliwahi kulala kitanda kile kile.

MzeeWaZabibu

Swali moja tu. Mwenye huduma ni mume, mbona anayeomba ushauri ni mke?

Halafu sisi Wagogo wamishenari tunawajua. CMS, wale wamishenari Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa 1876. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanza 1927 askofu wa kwanza alikuwa Chambers, Mwaustralia. Babu yangu kawachotea maji hao. Leo wajukuu tunaitwa twende kwao, vizuri sana, nafurahi. Lakini wale nyuma yao kulikuwa na watu wa kuwachangia, wanawaandikia barua, wanawatumia vitu. Wewe mumeo nyuma yake kuna nani? Kundi la WhatsApp?

NilibakiKisasa

Mzee umegonga. Wangu alienda peke yake, Scotland, miezi kumi. Mimi nikabaki na mapacha.

Mtaambiwa siku hizi kuna simu, hakuna umbali. Sikilizeni. Majira ya baridi wao wako nyuma yetu saa tatu. Akitoka kwenye kikundi cha jioni, kwake saa moja, huku saa nne usiku, watoto wamelala. Akiamka saa kumi na mbili apige kabla ya shughuli, huku saa tatu asubuhi, wako shule. Ikabaki Jumamosi saa tisa mchana yetu, na umeme uwepo, na bando liwepo.

Jumatano moja mmoja akashikwa malaria kali, nikakimbizana naye usiku kwa bajaji. Sikumwambia baba yake mpaka Jumamosi, mtoto ameshapona yuko uwanjani anacheza. Akakasirika kweli kweli. Nikamwuliza, ningekuambia ungefanya nini, ungeomba? Kuomba nilikuwa naomba mwenyewe. Hatukusemeshana karibu wiki.

Kingine ambacho hukijui bado: marafiki wa huduma. Wale wanaotuma elfu kumi, elfu ishirini kila mwezi. Alipopanda ndege tu wakaanza kukata, eti jamaa anakula pauni. Pauni gani! Alikuwa anapewa chumba na chakula. Januari ile ada za shule nililipa kwa kuuza cherehani.

Alirudi mwema, na ile kazi ilizaa matunda, sikatai. Ila angeniuliza leo, ningesema twende wote hata kama tutalala sebuleni kwa watu.

Ndaki_Mwaka_wa_Pili

Shikamooni. Sijui kama ni kwako mama, ila wali wa Ipagala nimeula sana. Mambo ya maji hatukuwahi kuambiwa. Nimeongea na wenzangu, Jumapili tunakuja na madumu, kila mtu lake.

MamaWatatu

Marahaba mwanangu. Ndiyo ni kwangu, na wewe ndiye unayemalizaga ukoko.

Jana usiku nilimpa baba watoto simu asome. Akasoma yote kimya. Alipofika kwa MzeeWaZabibu akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia simjui. Akarudia kusoma.

Leo tumetoka Mvumi. Tulipomaliza mbukwenyi, salamu zetu za Kigogo, na uji, mama mkwe akauliza wazungu wanapelekewa nini ambacho sio wao walikileta. Mume wangu akaeleza kwa kirefu, wanafunzi wa kigeni, upweke, baridi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, sio yeye, kama huko mtoto anaweza kupata uji wa uwele.

Bado hatujaamua. Ameshaandika barua pepe kule kuuliza kama "mtu mmoja na nusu" inaweza kuwa watu watano kwa miezi sita badala ya mwaka. BabaNampula, lile swali la kuuliza mbele ya mhasibu nitaliuliza mimi mwenyewe, kikao ni tarehe ishirini.

Na Alhamisi hii geti litafungwa kuanzia saa kumi. Wa madumu, wewe njoo Jumapili.