Mjadala: Tanzania iombe kiti Kamisheni ya Bahari ya Hindi kwa niaba ya Zanzibar?

Mleta mada
Wakuu, kila nikipita Kariakoo nawakuta Wakomoro wakifunga marobota ya kupeleka Moroni. Majirani hawa wamo kwenye Kamisheni ya Bahari ya Hindi, jumuiya ya ushirikiano ya visiwa vya bahari hiyo, sisi hatumo. Madagaska, Morisi na Shelisheli waliianzisha 1982, Komoro na Ufaransa wakaingia 1986. Ufaransa imo kwa ajili ya kisiwa cha Réunion, na hoja yangu iko hapo. Kama Paris inakaa mezani kwa niaba ya kisiwa chake, Dodoma inashindwa nini kukaa kwa niaba ya Unguja na Pemba? Mwaka 1992 Zanzibar ilijiunga yenyewe na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, ikajitoa 1993 kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Njia ya Réunion ingetuepusha na mvutano ule.

Jibu
Mkuu, umeisifia Réunion ukairuka Mayotte. Komoro ilipojitangazia uhuru 1975, Ufaransa ilibaki na kisiwa hicho, na Moroni inakidai mpaka leo. Ndani ya Kamisheni mambo hupita kwa maafikiano ya wote. Tukiingia tutasimama na nani? Mwaka 2008 askari wetu walikwenda kisiwa cha Anjouan kuisaidia serikali ya Komoro. Hatuwezi leo kukaa kimya kwa ajili ya kiti. Tena nchi zote nne za visiwa, yaani Komoro, Madagaska, Morisi na Shelisheli, tuko nazo SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Huyo wa marobota anataka meli ya uhakika na forodha isiyomzungusha.

Jibu
Mimi Mpemba, naishi Temeke. Kiti naunga mkono, ila akikalie Mzanzibari anayelijua jarife, wavu wa kuvulia samaki wakubwa.

Mleta mada
Ndugu wa Pemba, hilo sina pingamizi nalo. Mkuu, kwa Mayotte umenibana. Lakini SADC ina nchi 16, sita hazina hata pwani. Jodari atasemewa na nani? Kamisheni ina kituo Madagaska cha kufuatilia vyombo baharini, na kingine Shelisheli cha kuratibu doria. Jodari wa Shelisheli na wa mkondo wa Pemba hawana mpaka. Kuhusu Mayotte, tushike msimamo wa Umoja wa Afrika kwamba ni ya Komoro, na tuutamke siku ileile ya kuomba. Ufaransa ikitukatalia kwa hilo, tubaki nje.