Ufunguo umekatikia kitasani: fundi funguo, seremala au nibadilishe silinda mwenyewe?

Mpangaji_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Ufunguo wa mlango wa mbele umekatikia ndani, nimebaki na kichwa mkononi. Kwa sasa tunapitia jikoni. Seremala wa mtaani anasema avunje, ninunue kitasa kipya. Jirani anasema niite mchonga funguo. Shemeji naye anasema silinda, kile kiini cha kitasa kinachoingia ufunguo, nabadilisha mwenyewe. Ipi ina unafuu?

Kisu_Butu: Chochote utakachofanya, usitie supagluu! Mimi nilipaka ili kipande kishikane na mwenzake, ikagandisha kila kitu. Nikanunua kitasa kizima.

MamaWawili: Mchonga funguo. Wangu alichukua msumeno mwembamba kama kijiti, akaupenyeza pembeni mwa kipande, meno yakauma, akavuta. Vile vipande viwili akavilaza pamoja kwenye mashine akachonga mpya. Ila simama naye mpaka amalize. Ufunguo ukigandamizwa kwenye sabuni sekunde moja tu, mtu ana nakala ya nyumba yako.

Shemeji_Mjuaji: Silinda ni skrubu moja tu, ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo.

Fundi_Mstaafu: Kweli, lakini bila ufunguo wa kuigeuza kidogo haichomoki, na wa mwenzetu umekatika. Silinda mpya ni ya aliyepoteza funguo, au aliyehamia nyumba asiyejua mpangaji wa jana alibaki na ngapi. Mpangaji, nijibu hili kwanza: mlango ukiwa wazi, ufunguo ulikuwa unazunguka vizuri?

Mpangaji_Tabata: Ukiwa wazi, laini kabisa. Ukifungwa, lazima ninyanyue mlango kwa mkono ndipo uzunguke. Miezi sasa.

Fundi_Mstaafu: Basi kitasa hakina kosa. Bawaba zimelegea, mlango umeshuka, ulimi unagonga chini ya tundu lake kwenye fremu. Wewe ukawa unalazimisha. Hata ufunge silinda ya dhahabu, itakula funguo vilevile. Kingekuwa kigumu hata mlango ukiwa wazi, ningekwambia usage risasi ya penseli uingize humo. Mafuta ya kupikia hapana, yanashika vumbi yanakuwa ulimbo.

MamaWawili: Kumbe seremala anahitajika!

Mpangaji_Tabata: Mrejesho: mchonga funguo kakitoa kipande, hata chai haijapoa. Seremala anakuja kesho na skrubu ndefu za bawaba. Nimemwambia patasi aiache kwake.