Naomba ushauri: kikundi chetu cha ramani kiingie Instagram au la?

Wakuu, habari zenu. Tuko vijana tisa hapa Dar tunaochora OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanza 2004 ambayo yeyote anaweza kuihariri. Baadhi yetu tulianzia mradi wa Ramani Huria, wakati wa kuchora mitaa inayofurika mvua zikinyesha.

Sasa tumegawanyika. Wanne wanataka tufungue kurasa Instagram na TikTok tupate watu wapya. Wengine wanasema data yetu ni huria, iweje tuipigie debe kwa kampuni zinazoishi kwa taarifa za watu? Wanapendekeza Mastodon, mtandao wa kijamii huria usiomilikiwa na kampuni moja. Hoja ina uzito, lakini hapa Tandale nani anaijua Mastodon? Watu wako WhatsApp.

Juzi niliweka status tu: picha ya mtaro, na pembeni mtaro huohuo ulivyo kwenye ramani. Dada mmoja wa genge la mboga akanijibu, "Hicho kivuko mmekikosea, kiko nyuma ya msikiti." Alikuwa sahihi. Ila jirani naye akalalamika mlango wake umeonekana, nikaifuta.

Mliowahi kuendesha vikundi vya kujitolea, tuanzie wapi? Na nywila ashike nani?