Mdogo wangu bingwa wa mkoa mpira wa meza, timu ya taifa anaingiaje?

Mwana_Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo hasa kwa mliowahi kucheza mpira wa meza. Nina mdogo wangu yuko fomu tatu hapa Tanga, ana miaka 16, mwaka huu UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya mkoa kawapiga wote, kuanzia robo fainali hajapoteza seti hata moja. Na huyu dogo kajifunzia meza ya saruji ya shuleni, neti yenyewe ni ubao umeegeshwa kwa matofali mawili, raketi ni zile za dukani zinazouzwa na mipira mitatu, raba imeshaanza kubanduka pembeni anaibandika na gundi ya viatu. Anatumia mkono wa kushoto.

Sasa ndoto yake timu ya taifa. Mwalimu wa michezo anasema asubiri ataitwa, mwaka jana pia aliambiwa hivyo hivyo akasubiri mpaka mwaka ukaisha. Naomba kujua, nani anachagua? Kuna fomu? Au ni mpaka uwe Dar? Mama naye ana wasiwasi na shule kwahiyo nataka nikiongea nae niwe na maelezo yanayoeleweka.

Kibao_Chekundu
Hongera kwa dogo mkuu, kushinda bila kuachia seti sio kitu kidogo.

Nikuambie kitu ambacho mimi nilichelewa kukijua. UMISSETA ni mashindano ya shule, yanasimamiwa na serikali upande wa elimu na TAMISEMI, ila timu ya taifa ni kazi ya chama cha mpira wa meza cha taifa ambacho ndo mwanachama wa shirikisho la dunia, ITTF. Hivi ni vitu viwili tofauti. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa shule miaka mitatu mfululizo na huku kwenye chama jina lake halipo popote, sio kwamba wamemkataa, hawamjui tu. Kwahiyo usisubiri kuitwa. Mtafutie klabu, aingie kupitia chama cha mkoa, acheze mashindano ya wazi na ya taifa. Huko ndo wachaguzi wanakuwepo na matokeo yanaandikwa, alafu wanaofanya vizuri wanaitwa kwenye mchujo, wanaotoka hapo wanaingia kambini.

Mchujo mara nyingi ni mzunguko, kila mtu anakutana na kila mtu, siku mbili tatu. Mimi naupenda huo kuliko mtoano kwasababu mtoano ukiamka vibaya asubuhi moja umeenda na maji, ila ukicheza mechi kumi na kitu uwezo wako utaonekana tu. Ila ujue unachosha, mechi ya sita ya siku miguu inakataa.

Sasa sikiliza hili la kwangu. Mchujo wangu wa kwanza nilikuwa na sevu (ule mpigo wa kuanzisha pointi) kali sana mtaani, naushika mpira kwa vidole nauzungusha kidogo alafu naupiga hapo hapo unapotoka mkononi. Mechi ya kwanza refa akanionya, sevu iliyofuata nikaifanya vile vile, foo, pointi kwa mwenzangu. Nikashtuka, nikaanza kusevu kwa uoga mpira unaingia wa juu kabisa, jamaa ananibondea. Nilipoteza seti mbili kwa sevu tu. Sheria inataka mpira ukae kwenye kiganja kilicho wazi, urushwe juu karibu wima, usipungue sentimita 16, bila kuuzungusha, uupige ukiwa unashuka na usiufiche kwa mwili wala mkono. Watoto wengi wa meza za saruji hawajawahi kuambiwa hili. Leo hii jioni mwangalie dogo anavyosevu.

Na hiyo raketi hapana. Mashindano makubwa raba lazima iwe kwenye orodha ya ITTF, upande mmoja mweusi na wa pili rangi nyingine inayong'aa, na iwe imekaa sawa sio imebanduka. Tena akibadili raba atakaa wiki kadhaa mipira inamtoka nje, kwahiyo asibadili siku mbili kabla ya mashindano.

MamaYusra
Mimi binti yangu anacheza, naomba niongee kwa upande wa mzazi.

Kaka yangu, anza na makaratasi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwepo na majina yafanane na ya shule herufi kwa herufi, maana mashindano ya vijana yanaenda kwa mwaka wa kuzaliwa na mtoto mwenye cheti chenye utata anaachwa hata kama ni mzuri. Pasipoti nayo muanze mapema. Sisi tulihangaika na herufi moja tu ya jina la babu yake, timu ikaondoka mtoto akabaki analia chumbani siku nzima na mimi sina la kumwambia. Mpaka leo inaniuma.

Kuhusu shule mwambie mama mzungumze na mkuu wa shule kabla, mapema, na barua iwe mkononi. Akiitwa kambini aende na madaftari. Binti yangu alikuwa anafanya hesabu jioni baada ya mazoezi, mwalimu akawa anatuma maswali kwa simu yangu. Inawezekana kabisa.

Spini_Pwani
Naongezea jambo moja, muulize katibu wa chama cha mkoa vigezo vya uchaguzi ni vipi, na uulize kwa heshima lakini uulize. Kila nchi inajipangia vyake, ITTF haichagui timu ya mtu. Wahindi mwaka 2022 walikuwa na hesabu kabisa, asilimia 50 matokeo ya ndani ya nchi, 30 ya kimataifa, 20 wachaguzi wenyewe. Pamoja na hayo wachezaji walioachwa timu ya michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, walienda Mahakama Kuu ya Delhi, na mmoja wao, Diya Chitale, akaja kuingizwa kikosini. Mwaka mmoja nyuma mchezaji wao mwingine, Manika Batra, aliachwa kwa kutokwenda kambi ya taifa, akaenda mahakamani, sheria ya kulazimisha kambi ikasimamishwa. Sisemi dogo aende mahakamani jamani, nasema vigezo vikiandikwa mchezaji anajua afanyie kazi kitu gani, na asipochaguliwa anajua kwanini.

Pia mjue kuwa timu ya taifa na kufuzu Olimpiki ni ngazi mbili. Olimpiki single (mmoja kwa mmoja) nchi inapeleka wasiozidi wawili kwa wanaume na wawili kwa wanawake, na mara nyingi ni mpaka upite mashindano ya bara au uwe na renki ya dunia. Hizo pointi za renki zinapatikana kwenye mashindano ya kimataifa ambako chama chako ndo kinakuandikisha. Ndo maana Waafrika waliofika mbali kama Quadri Aruna wa Nigeria, robo fainali Rio 2016, na Omar Assar wa Misri, robo fainali Paris 2024, ni watu waliocheza nje miaka mingi.

Kibao_Chekundu
Nimesahau kusema, huo mkono wa kushoto ni mtaji. Dabo, yaani wawili kwa wawili, lazima mpige kwa kupokezana, mmoja akipiga anampisha mwenzake. Wote wa kulia mnagongana mabega, ila wa kulia na wa kushoto kila mmoja anatokea upande wake, njia iko wazi. Kocha akiwa na nafasi moja imebaki na watu wawili wanalingana, wa kushoto anabebwa. Mtafutie mwenzake wa kulia waanze dabo sasa hivi.

Mwana_Ngamiani
Aisee nawashukuru sana, sijui hata nianze wapi. Nimemwita dogo tukachora alama ukutani kwa chaki, sentimita 16 kutoka kiganjani, nikamwambia sevu. Ya kwanza mpira haukufika hata nusu. Sevu kumi, zilizofika mbili. Kakaa kimya alafu akaniambia kaka niache nirudie, na mpaka naandika hapa namsikia uani tak, tak, tak.

Cheti nimekitoa kabatini, jina la kati limekosewa kweli. Jumatatu naanzia hapo. Katibu wa chama cha mkoa nimepata namba yake, kasema Jumamosi tuende anakofanyia mazoezi na vijana wake, na Mama kasema anakuja na yeye.