Msaada: TV ya kwenye kompyuta inagandaganda, nipo Nkuhungu, Dodoma

Mkazi_wa_Nkuhungu
Habari za jioni wadau. Nina kompyuta ya mezani na kile kidude cha TV cha kuchomeka kwenye USB, nimekiunga na kaantena kake kale kenye sumaku nimekabandika juu ya kompyuta, sasa nikisachi chaneli zinaingia chache tu na taarifa ya habari ikianza picha inajaa viboksi, sauti inakatika, mwisho inaganda kabisa. Nyumba ni ya bati. Programu nimebadilisha tatu, VLC ikiwemo, hali ileile. Mama naishi naye na taarifa ya saa mbili ndo kitu chake, inaniuma kumuona amekaa pale anasubiri picha irudi. Ninunue busta, kile cha kukuza signo?

Fundi_Area_C
Pole kaka, na mama mpe shikamoo yangu. Programu iache haina kosa. Digitali siyo kama analojia tuliyoachana nayo hapa Dodoma 2013, zamani signo ikipungua unaona chengachenga ila unaangalia hivyohivyo, siku hizi ikishuka chini ya kiwango inakata yote. Sasa hako kaantena kako ndani, chini ya bati, juu ya kompyuta ambayo nayo inatoa mawimbi yake ya kuvuruga, kashike nini hapo? Leo leo tafuta waya wa kurefusha USB, mita moja na nusu hivi, kidude kikae mbali na kompyuta. Halafu antena ya nje ya UHF (masafa ya TV), ile ya miiba kama mifupa ya samaki, ifunge kwenye bomba juu ya bati, angalia za majirani zimeelekea wapi, na miiba yake imelala au imesimama, na wewe fuata. Waya wa antena uwe wa aina ya RG6. Busta bado, signo mbovu ukiikuza na uchafu wake unakua.

Binti_wa_Kondoa
Fundi kasema kweli. Kagua na kichwa cha waya wa antena, mimi hapa Kisasa nilihangaika miezi miwili kumbe uzi mmoja wa ule wavu wa nje umegusa shaba ya katikati, mwembamba kama unywele, nikaukata na wembe chaneli zikarudi. Pia hakikisha kidude ni DVB-T2, aina ya mfumo wa TV ya digitali, ndiyo tunayotumia Tanzania, vile vya DVB-T tupu, mfumo wa zamani, havishiki. Na za kulipia humo hazifunguki, ni za bure tu.

Mkazi_wa_Nkuhungu
Asanteni sana. Boksi limeandikwa T2. Jumamosi nimefunga antena, waya wa USB nao nimeweka, TBC1 jana imetulia mwanzo mwisho na mama kaangalia mpaka michezo. Ila upepo ukivuma mchana inakatika kidogo.

Fundi_Area_C
Bomba linacheza hilo. Livute kwa waya pande tatu, upepo wa Dodoma unaujua.

Mkazi_wa_Nkuhungu
Kesho asubuhi napanda kabla haujaanza.